Kigari kidogo: wese na raha ya kuendesha vinapatana wapi, vinagombana wapi

Nenda yadi yoyote ya magari Dar, simama karibu na kigari kidogo chochote, iwe Vitz, Passo, Demio au IST, dakika tano haziishi hujasikia swali lile lile: "Hii inakulaje?" Na muuzaji jibu analo mdomoni toka asubuhi, "Bosi hii hainywi, inanusa tu." Watu wanacheka, mteja anazunguka gari mara mbili, anapiga teke tairi (sijawahi kujua lile teke huwa linapima nini), anaanza kuomba apunguziwe. Miezi mitatu baadae huyo huyo yuko kijiweni analalamika gari haina raha, ukikanyaga inapiga kelele halafu haiendi, kwenye kilima mpaka uzime AC, na wese lenyewe mbona linaisha vile vile.

Nina jamaa yangu wa hivyo, nitarudi kwake.

Hapo ndo watu wanahitimisha kwamba ukitaka gari ya kunusa kubali kuboreka, ukitaka raha tafuta cc 2500 uhamie sheli. Kama mzani wa buchani vile, huku kukipanda huku kunashuka. Mimi naona hiyo ni kweli nusu. Kuna sehemu vinagombana kweli, gia boksi mojawapo, tairi nyingine. Ila sehemu kubwa kuliko zote, uzito wa gari, wese na raha viko upande mmoja kabisa, hawana ugomvi, na ndo kitu ambacho pale yadi hakuna mtu anakiuliza. Umeshasikia mtu anauliza "hii ina kilo ngapi"? Mimi bado.

Kwanza tuondoe kitu kimoja njiani, ile namba ya kwenye tangazo. Demio ya Mazda yenye injini mpya waliyoiita Skyactiv ilipotoka 2011 ilitangazwa kilomita 30 kwa lita. Thelathini! Gari hiyo hiyo, injini hiyo hiyo, kwa kipimo kingine cha Wajapani wenyewe ilipata 25. Kipimo cha zamani kinaitwa 10-15, kilikuwa kinaishia spidi 70, kilichofuata kinaitwa JC08, kinafika kama 81 na wastani wake wote ni kilomita 24.4 kwa saa, halafu baadae wakahamia WLTP ambacho ni kikali zaidi. Vyote hivyo gari iko maabara juu ya rola, AC imezimwa, hakuna tuta, hakuna bodaboda anayekuchomekea, hakuna shemeji na mabegi yake nyuma. Kwahiyo hiyo namba usiichukue kama ahadi, itumie kulinganisha gari na gari kwa kipimo kile kile basi, na ukiona tangazo halisemi ni kipimo gani lipite.

Sasa wese linaendaga wapi? Watu wengi kichwani wana kitu kimoja tu, cc, yaani ukubwa wa injini. Cc kubwa inakula, cc ndogo hainywi. Lakini petroli ikishachomwa kuna vitu kadhaa vinaigombania, hivi vinne vikiwemo, na cc ni sehemu tu ya kimoja: kuna kuusukuma mzigo uanze kwenda, kuna kuupandisha mlima, kuna upepo, na kuna injini yenyewe kujizungusha.

Chukua mzigo. Gari ya kilo 1100 na dereva ndani, umetoka taa za Ubungo ukafika spidi 60 halafu mbele kuna foleni ukakanyaga breki. Ile nguvu yote uliyoijenga imeishia kuwa joto kwenye breki pedi, na ukipiga hesabu ya fizikia ya fomu three inakuja kama mililita 20 za petroli, kijiko cha chakula na kidogo. Sio nyingi, ila fanya hivyo mara 50, na mtu wa Kimara mpaka Posta anafika hiyo namba bila shida, ni lita nzima umeitupa kwenye breki. Uzito ukipungua asilimia kumi hicho kijiko nacho kinapungua asilimia kumi, hakuna ujanja wa kompyuta hapo ni uzito tu.

Mlima nao hivyo hivyo. Kutoka Dar iliyo usawa wa bahari mpaka Iringa mjini unapanda zaidi kidogo ya mita 1,500, gari ya kilo 1250 na abiria wake inahitaji karibu lita mbili kwa ajili ya kuunyanyua tu huo mzigo, achana na zile kilomita karibu 500 za kwenda mbele. Ndo maana mtu anakwambia kwenda alitumia nyingi kurudi akatumia chache, sio uchawi wala wese la sheli fulani, wakati wa kurudi mlima unamlipa deni lake.

Upepo ni hadithi ya spidi. Nguvu ya upepo inaongezeka kwa spidi mara spidi, kwahiyo ukitoka 80 ukaenda 100 haijaongezeka robo, imeongezeka zaidi ya nusu. Na hivi vigari vidogo vyetu ni virefu kwenda juu, vimejengwa mtu avae kofia ndani, sio vya kukata upepo. Kwenye foleni upepo hauna maana yoyote, Chalinze kwenda Morogoro ndo unakula.

Rudi kwenye uzito uone upande wa raha. Gari nyepesi inaanza kuondoka haraka bila injini kubwa, inasimama mapema bila breki kubwa, na kwenye kona haikuvuti kwenda nje kama kabati linaloteleza kwenye tofali zilizolowa. Raha ya kuendesha watu wanaifikiria ni spidi, mi naona spidi ni sehemu ndogo sana. Raha ni pale ukigeuza usukani na gari imeshageuka, ukigusa mafuta imeshaitika, ukihisi tairi ya mbele inashika au inaanza kuachia. Hivyo vyote vinapenda gari nyepesi. Yaani kilo zile zile unazopunguza ili iwe na raha ndo zile zile zinazookoa wese.

Mfano mzuri ni huu na namba zake ni za kipimo kimoja, JC08. Vitz iliyotoka mwishoni mwa 2010, ile ya injini ya lita moja ambayo sisi tunaiita cc 990, ina kilo 970, farasi 69 (farasi ndo kipimo cha nguvu ya injini), kilomita 20.8 kwa lita. Swift Sport ya Suzuki ya 2017 yenye gia za mkono, ile ya cc 1400 yenye tabo, yaani feni inayosukumia injini hewa ya ziada, uzito wake ni hizo hizo kilo 970, farasi 140, mara mbili ya Vitz na chenji inabaki, na yenyewe ilipata 16.4. Sasa piga hesabu ya mtu anayetembea kilomita elfu moja kwa mwezi: Vitz lita 48, Swift Sport lita 61. Lita 13 kwa mwezi ndo tofauti ya gari ya kwenda sokoni na gari ambayo utatafuta sababu ya kwenda sokoni. Ni kweli Sport inataka petroli ya okteni ya juu, na bei yake sio ya mtu wa bajeti, sikatai. Lakini angalia Swift ya kawaida ya mwaka huo huo, cc 1200 farasi 91, ile nyepesi kuliko zote ina kilo 840, na ya oto ilipata kilomita 24 kwa lita. Ina nguvu kuliko Vitz ile, nyepesi kwa zaidi ya kilo mia, na inakula kidogo. (Vitz yenyewe ilirekebishwa 2014 ikapanda, tuwe wakweli.) Suzuki hawakuroga mtu, walichora upya bodi na chasisi ikapungua vyuma.

Mazda walishafanya hiyo kitu zamani. Miaka ya 2000 kila kampuni gari zake zilikuwa zinanenepa, kila toleo jipya kubwa kuliko la nyuma, halafu 2007 Demio mpya ikatoka ikiwa fupi kidogo kuliko kaka yake na nyepesi kwa kama kilo 100. Hawakuwa na madini ya ajabu, walikaa wakahesabu gramu, nyaya zikafupishwa, boneti, mpaka sumaku za spika za redio zikapunguzwa. Mwaka uliofuata ikabeba tuzo ya gari bora la dunia. Kuna watu wanaiita gari ya kina dada, waacheni, siku moja waombe funguo waipeleke kwenye kona za Lushoto.

Haya, injini. Hapa ndo kwenye fumbo lenyewe, kwanini injini ndogo inakula kidogo, na kwanini wakati mwingine inakula kuliko kubwa.

Chukua bomba la sindano, ziba tundu lake na kidole uache upenyo kidogo, halafu vuta. Unasikia linavyokataa? Injini ya petroli ukiigusia mafuta kidogo tu ndo kazi inayofanya hiyo, maana mlango wa hewa umefungwa karibu wote na pistoni zinavuta hewa kwa shida, na ile shida inalipwa na wese lako. Injini kubwa kwenye foleni inaishi maisha yake yote hivyo, mlango umefungwa, inavuta kwenye tundu la sindano. Injini ndogo kwa kazi ile ile inabidi ifungue mlango zaidi, kwahiyo inapumua vizuri, na ile ya Toyota ya lita moja ina pistoni tatu tu badala ya nne, msuguano nao unapungua. Hapo cc 990 inashinda haki kabisa, na ndo maana mjini hizi gari zina heshima yake.

Ila jaza watu wanne na wewe wa tano, buti lina mchele na ndoo ya asali, AC inapuliza, uko chini ya mlima wa Kitonga njia ya Iringa unaangalia juu. Zile kilo 970 zimeshakuwa 1300 na kitu. Farasi ni wale wale 69, na hapo ulipo sio Dar tena, hewa inazidi kuwa nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita elfu moja unazopanda. Kwa Nairobi ambayo yote iko karibu mita 1,700 juu, Vitz ya farasi 69 inaamka asubuhi na farasi kama 57, kabla hata haijawaona wapandaji. Sasa umekanyaga mpaka chini, mlango wa hewa uko wazi wote, kompyuta inaona mtu huyu yuko kwenye shida, injini nyingi zinaongeza petroli kwenye mchanganyiko kuliko kile kipimo cha kuchomeka vizuri ili zitoe nguvu zaidi na zisipate joto sana, mizunguko iko elfu tano, kelele kama mashine ya kusaga, na lori la kontena linakutazama kwenye kioo. Pale injini ya cc 1300 au 1500 ingepanda na nusu ya jasho, na mara nyingi kwa wese lile lile au pungufu.

Kwahiyo kila injini ina mahali inapojisikia vizuri, sio kulala na sio kukimbizwa, mlango wazi kiasi, mizunguko elfu mbili elfu mbili na nusu, na siri ni kulinganisha injini na mzigo wako wa kila siku. Mtu anayeendesha mwenyewe Mbezi mpaka mjini, cc 990 inamtosha na hakuna ubishi. Mtu anayepeleka familia Njombe kila Disemba na mizigo, cc 990 atailaani bure. Kodi nayo inatusukuma, Tanzania kwa miaka mingi injini isiyozidi cc 1000 haijatozwa ule ushuru wa bidhaa unaopanda na ukubwa wa injini, ndo maana barabara imejaa hizi cc 990. Hiyo sasa ni sababu ya bandarini, kwenye kilima haikusaidii kitu.

Ugomvi wa kweli sasa, gia boksi.

Hizi oto nyingi za siku hizi kwenye vigari vidogo ni CVT, hazina gia kabisa ndani, kuna puli mbili na mkanda wa chuma, puli zinajitanua na kujibana ili mkanda ukae mahali popote, kwahiyo kompyuta inaweza kuiweka injini kwenye ule mzunguko wa raha zake muda wote huku gari inaongeza spidi. Kwa wese ni akili kubwa, hasa kwenye kipimo cha wastani wa kilomita 24 kwa saa, CVT imezaliwa kwa ajili ya mtihani ule. Kwa dereva sasa, ukikanyaga injini inapanda kwanza inakaa pale juu inalia, halafu gari inakuja nyuma taratibu kama mpira uliovutwa, sikio linasikia kitu na mgongo unasikia kingine. Ubongo haupendi hiyo kitu. Oto ya zamani ya gia nne kama ya IST za mwanzo inakula zaidi kidogo, na gia zake zina mapengo makubwa, lakini ukikanyaga unajua umekanyaga, na mafundi wetu wanaijua kama nyimbo ya harusi.

Na CVT zina siri yake, mafuta yake ni ya peke yake. Mimi yalishanikuta, sitaji gari wala gereji, fundi alinimiminia ile haidroliki nyekundu ya kawaida akaniambia "zote ni mafuta ya gia hizo mzee". Wiki ya pili nikitoka kwenye tuta gari inatetemeka kama ina malaria, mwezi wa pili inapanda mizunguko haiendi, na bei ya gia boksi used ilikuwa inanunua wese la mwaka mzima. Kwahiyo ukisikia CVT inaokoa kilomita mbili kwa lita, uliza pia fundi wako ni nani.

Mazda waliamua kutokupita huko. Ile Demio ya 2011 ya kilomita 30 ilikuwa CVT, lakini 2014 walipotoa mpya wakaweka oto ya gia sita za kweli, wakaifanya ibane na injini moja kwa moja mapema ili isipoteze nguvu kwa kuteleza, na bado ya petroli cc 1300 ikatangazwa mpaka kilomita 24.6 kwa kipimo cha JC08. Ukiendesha hiyo gari mizunguko na spidi vinapanda pamoja, unaelewana nayo. Mimi hilo nalihesabu kuwa jibu zuri kuliko yote niliyoona kwenye bei hii, kupoteza kidogo kwenye karatasi ili dereva asichoke. Ya dizeli cc 1500 ndo balaa zaidi, torki (nguvu ya kuzungusha) 250, hiyo ni ya injini ya petroli ya lita mbili na nusu, inapanda mlima kama haujui. Ila dizeli ya kisasa ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo linajisafisha vizuri gari ikipata safari ndefu ya moto. Mtu anayeitumia kupeleka mtoto shule mita mia nane na kurudi analiziba, halafu anakuja kusema gari mbovu. Ukiwa mtu wa safari ichukue, ukiwa mtu wa foleni iache.

Gia za mkono? Ndo raha kwa bei rahisi kuliko zote, unachagua mwenyewe injini iwe wapi, na kilima unakiona mbele kabla kompyuta haijakisikia. Ila Japani wanauza chache, kuipata Swift au Fit RS ya manyuali ni kuvizia minadani, na ukiipata mkeo atakuuliza kwenye foleni ya Tazara nani alikutuma.

Tairi. Hapa pia wese na raha vinagombana ila tunazidisha wenyewe. Vitz ya kizazi cha pili inatoka na tairi nyembamba 165/70 rimu 14, na nyembamba ni nyepesi, inazunguka kwa urahisi, upepo hauishiki sana. Mshiko wake una mwisho mapema, kweli, lakini kwangu mimi hiyo ni raha, maana unafika karibu na mwisho wa tairi ukiwa kwenye spidi ya kibinadamu, kona ya spidi 50 inakuwa na maneno. Gari yenye tairi pana kama mkeka ili uhisi kitu lazima uwe spidi ambayo tochi inakusubiri na elfu thelathini yao. Sasa vijana wanatoa rimu 14 wanaweka 17, nzito, tairi pana, gari ya farasi 69! Umeiongezea uzito mahali pabaya kuliko pote, kwenye kitu kinachozunguka, injini inachoka kuanza, shokapu zinachoka, kila shimo linakuja mpaka kwenye meno, na wese limepanda. Hiyo haina wese wala haina raha, ina picha ya Instagram tu.

Usukani wa umeme nao una hadithi kama hiyo, ndogo. Zamani pampu ya haidroliki ilikuwa inazungushwa na injini muda wote hata ukiwa unakwenda moja kwa moja, ya umeme inafanya kazi ukigeuza tu, wese linaokolewa, ila mikono inasikia barabara kwa mbali kama simu ya netiweki mbovu. Na ile kitu ya injini kuzima yenyewe kwenye taa inasaidia Tokyo, kwa joto la Dar na AC inayopambana injini inawaka tena kabla hujapumua, na betri yake ni ya aina maalum ya bei, wengi wanabonyeza kitufe wanaizima maisha.

Mtu atauliza Aqua, ile Toyota ya haibridi, injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Haibridi inatatua tatizo la kile kijiko cha breki, badala ya kutupa nguvu inairudisha kwenye betri, ndo maana mjini inatesa wote, ilitoka Disemba 2011 na kilomita 35.4 kwa JC08. Kwenye foleni hakuna wa kuigusa. Raha ya kuendesha? Ni kimya, ni laini, hapo hapo imebeba betri na mota, ina kilo kama 1080, na ukiikanyaga inalia kama CVT. Safari ndefu ya spidi moja faida yake inapungua maana hakuna breki za kuokoa. Kwa mtu wa Bolt ni jibu, kwa mtu anayependa kona sio.

Baada ya hayo yote kuna mguu. Na hapa kuna kitu madereva wetu wengi wanakikosea kinyume nyume, kupiga fri. Unashuka mteremko unaweka nyutro ukidhani umezima wese. Gari yoyote ya nozeli za kompyuta, yaani zote hizi, ukiachia mafuta ikiwa ndani ya gia nozeli zinafungwa kabisa, injini inazungushwa na tairi, wese ni sifuri. Ukiweka fri injini inabidi ijizungushe yenyewe, inachoma, halafu umepoteza breki ya injini kwenye mteremko kama ule wa Kitonga wenyewe, umebakiwa na breki pedi peke yake na makalio yamebana. Gharama zaidi, hatari zaidi, raha hakuna.

Dereva anayejua kigari kidogo anaendesha kwa kutunza mwendo. Anaona taa nyekundu mbali anaachia mapema, anafika taa imeshakuwa kijani bado ana spidi 30 mkononi, hajalipa kile kijiko. Kwenye kona haingii na fujo akapiga breki katikati, anapunguza kabla, anaingia laini, anatoka na mwendo wake. Akitaka kuongeza anakanyaga vizuri, kama robo tatu, anafika spidi yake anatulia, sio kule kubembeleza kwa kidole gumba dakika nzima mpaka nyuma wanapiga honi. Ajabu yake ni kwamba huo uendeshaji ndo una raha, maana unafikiria, unacheza na barabara kama unacheza bao. Gari ya farasi 250 haikufundishi hiyo kitu, ukikosea unakanyaga inasamehe. Kigari cha farasi 69 ukipoteza mwendo umeupoteza, utauomba upya.

Kwahiyo ukienda yadi uliza kilo. Ipo kwenye kadi ya gari. Gawanya kilo kwa farasi: Vitz ya lita moja kila farasi anabeba kilo 14, Swift ya cc 1200 kama kilo 9, na hizo kilo tano kwa kila farasi ndo utazisikia kwenye kilima. Uliza gia boksi ni ya aina gani na mafuta yake yalibadilishwa lini na ya nini. Muuzaji atakwambia zunguka hapa hapa nje urudi, kataa kwa heshima, omba kilima, weka na yeye ndani na rafiki yake, washa AC.

Jamaa yangu wa kijiweni nilimwambia lete gari tuiangalie. Upepo wa tairi tatu ulikuwa umeshuka mpaka ukiona unajua, stika ya kipimo iko pale pale kwenye fremu ya mlango wake na hajawahi kuisoma, tukajaza. Tukafungua buti. Kulikuwa na jeki mbili, madumu ya maji mawili yamejaa, mabaki ya marumaru za bafuni kwake toka mwaka jana, gunia la chumvi la mama mkwe ambalo alitakiwa alifikishe Kibaha, na boksi la spika la mbao lenye besi mbili, zito hatukuweza kulinyanyua mtu mmoja. Ukijumlisha hayo yote ni abiria wa kudumu wawili wasiolipa nauli. Marumaru tumetoa, madumu tumetoa, chumvi imefika Kibaha. Spika amekataa, anasema gari bila besi haina raha.